Haja Kubwa na Ndogo za Flati 304

Serikali ya Dubai ina mpango wa kuwapa raia wake nyumba, na wanaosema ni mpango mzuri siwabishii, kwa sababu mimi si raia na sijawahi kuuona kwa karibu. Sisi wengine tuko chini ya halmashauri ndogo zaidi, yenye makao makuu jikoni mwa flati namba 304, Karama, juu ya duka la pazia. Halmashauri hiyo ina jokofu moja la kubandikia matangazo, muhuri mmoja na afisa mmoja. Afisa huyo anaitwa Teresiah.

Nitamweleza jinsi alivyo, na nikimtania mnivumilie, maana ndivyo nilivyolelewa. Ni mwanamke wa miaka arubaini na saba, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa mguu kwa uzi, na magoti yanayolia kila akiinama. Anafanya kazi ya kusafisha vyumba katika hoteli moja ya Al Mankhool, vyumba kumi na sita kwa siku, na wageni wote huwaita sir na madam, hata wale wanaoondoka na taulo. Hiyo ni kazi ya mikono tu. Kazi anayoipenda ni kugawa vitanda.

Kwanza niwaeleze vitanda vyenyewe. Chumba chetu kina vitanda vinne vya ghorofa, vya chuma, na wanawake wanane. Kulala chini ni utajiri. Unakaa kitako ukivaa viatu, unaning'iniza leso pembeni unajipatia nyumba yako ndogo, na sanduku lako liko uvunguni mwako mwenyewe. Kulala juu ni kupanda ngazi iliyolegea, pua ikitazama dari, na ukishikwa na kiu unajadiliana na nafsi yako kwanza. Sasa katika vile vya chini kuna kimoja cha dirishani. Hicho ndicho ikulu. Kina mwanga, hewa ya AC hailengi uso, na kutoka hapo hadi mlango wa bafu ni hatua nne.

Ikulu ilikuwa ya Wangari. Mwezi wa kumi Wangari alipata kazi ya kulea watoto Abu Dhabi, akahama na begi lake na sufuria yetu nzuri. Kitanda kikabaki wazi, na watatu miongoni mwetu tuliolala juu tukaanza kukipitia mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Vile vingine vya chini vina dada watatu Waganda waliofika kabla ya kila kitu, na hao hawaguswi. Waliokitaka ni Judy, Bi Asila na mimi. Mimi ni mlinzi mlangoni mwa jengo moja la maduka, na hapa nyumbani wananiita Mama Tonny. Nasema mapema msije mkadai nimewaficha: nilikitaka kitanda kile kuliko kitu chochote mwaka huo, na nilidanganya ili nikipate.

Wa nne aliyelala juu ni Teresiah mwenyewe. Yeye hakuomba. Sheria yake namba moja inasema afisa haombi. Kwa hiyo kwa miaka mitatu mwanamke mwenye magoti yale amekuwa akipanda ngazi kila jioni kwa ajili ya sheria aliyoitunga yeye, na ukimwambia ajihurumie kidogo, anakutazama kana kwamba umemwekea bahasha chini ya meza.

Ugonjwa huu aliutoa nyumbani. Huko Kenya alikuwa karani wa makazi katika halmashauri ya mji mmoja ambao sitautaja, kwa kuwa ni mji mdogo na watu wake wanajuana. Alikaa dawati lile miaka kumi na minne. Halmashauri ilikuwa na nyumba mia moja na kumi za matofali, na waombaji elfu mbili na ushei. Kila mwombaji alijaza fomu, na kila fomu ilipewa alama: idadi ya watu wanaolala chumba kimoja, ugonjwa, watoto, miaka ya kungoja, miaka ya kuishi mjini pale. Teresiah anapoueleza mfumo huo macho yake hulainika, nami husubiri amalize. Ulikuwa wa haki kabisa, anasema. Ulikuwa na kasoro moja tu, kwamba alama zikishajumlishwa orodha ilipelekwa kwenye kamati, na kamati ilikuwa na watu ndani yake.

Orodha iliporudi kutoka kwa kamati, wa kwanza alikuwa amekuwa wa arubaini, na juu kabisa alikaa shemeji wa mtu, mwenye duka la saruji na magari mawili, ambaye bila shaka alikuwa amesongamana vibaya sana ndani ya magari hayo. Teresiah alikuwa akiandika barua ya malalamiko kwa nakala tatu. Barua hiyo ililetwa kwake aitie kwenye faili, kwa kuwa faili ya malalamiko pia ilikuwa chini yake. Anasema ilikuwa faili iliyopangwa vizuri kuliko zote ofisini, na mimi naamini.

Alipofika Dubai alidhani ameachana na mambo hayo. Anayetukodishia vitanda anaitwa Humam, na falsafa yake ya makazi ni fupi: kila kitanda kiwe na mtu. Nani alale wapi, hilo si lake. Miaka mitatu iliyopita Wangari na mwanamke mwingine, ambaye sasa keshaondoka, walishikana nywele kwa ajili ya kitanda kile kile cha dirishani, majirani wakagonga ukuta, na Humam akaja akasema khalas, amechoka, kama kuna mtu mwenye akili humu ndani ajitokeze apange. Teresiah akanyoosha mkono kama yuko darasani. Wiki haikuisha, jokofu likawa na jedwali.

Alama moja kwa kila mwezi uliongoja tangu uingie. Alama ishirini za ugonjwa, kwa barua au kadi ya kliniki. Alama tano kwa wanaofanya zamu za usiku. Alama tatu kwa anayeosha vyombo bila kuambiwa, na hizo hadi leo hazijapata mwenyewe. Umri haukupewa chochote, kwa maelezo kwamba umri ni wa kila mtu. Tulimcheka mpaka tukachoka, halafu tukaanza kuhesabu alama zetu kimyakimya, kila mmoja akisimama mbele ya jokofu kwa kisingizio cha kutafuta maziwa.

Nilisema ana muhuri mmoja. Huo umeandikwa IMEKAMILIKA, na aliuchongesha hapa hapa Karama. Lakini upo mwingine. Siku moja tukitafuta sindano sandukuni mwake, nilikuta kopo la biskuti, na ndani yake muhuri mkuukuu, mpini wa mbao umepasuka. Niliusoma kinyumenyume: HAIJAKAMILIKA. Nikamuuliza kama ni mali ya umma aliyoiiba. Akajibu ndiyo, akafunga kopo. Nilifurahi sana, nikawa nawasimulia wenzangu kwamba Kenya nzima watu wanaiba viwanja, na huyu wetu kaiba muhuri.

Basi, Wangari akaenda zake na fomu zikatoka. Miaka yote fomu zilikuwa za Kiingereza. Safari hii, kwa sababu ya Bi Asila, Teresiah alizitafsiri, wakati wa chakula cha mchana, nyuma ya mkokoteni wa mashuka. Kilikuwa Kiswahili cha karani, safi na kigumu. Swali la kwanza jina, la pili kitanda cha sasa, na kuendelea hadi la sita, lililosema: *Taja haja zako, kubwa na ndogo.*

Wasomaji wa pwani naona mmeshaweka vikombe chini. Sisi wa bara tulipita pale bila kutikisika. Si kwamba hatujui haja kubwa ni nini na haja ndogo ni nini, tumefundishwa tangu chekechea kunyoosha kidole na kuomba ruhusa. Lakini tukipewa fomu, akili zetu zinahamia Kiingereza bila kuaga, na maneno ya Kiswahili yanabaki pale karatasini yakitushangaa.

Judy anafanya kazi saluni na jioni anauza vipodozi kwenye simu. Aliandika hivi: *Haja kubwa, mtandao. Haja ndogo, mwanga wa kupigia picha.* Mimi niliandika mgongo. Niliupamba mgongo ule hadi nikauonea huruma mwenyewe, masaa kumi na mawili nimesimama, uti unawaka, ngazi ni mateso. Nikaambatanisha barua ya kliniki. Barua ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa ya miaka miwili nyuma, ya maumivu yaliyodumu siku sita yakaisha kwa dawa ya kupaka. Tarehe yake ilipatwa na ajali ya chai. Chai niliimwaga mimi, polepole, kwa kijiko.

Na Bi Asila. Huyu ni mama wa Unguja, ana miaka hamsini na minane, anashona mabuibui katika duka karibu na kituo cha metro. Alikuwa akikaa na kaka yake mtaa wa mbali wa International City. Kaka aliporudi Zanzibar kwa kuugua, mwezi wa tatu, yeye akatafuta kitanda karibu na kazi, akaletwa kwetu, na kilichokuwa wazi kilikuwa cha juu. Anatuita wanangu. Hajawahi kulalamika juu ya kitu chochote isipokuwa chumvi yetu. Fomu aliijaza kwa penseli akiwa ameketi kwenye stuli ya jikoni, miwani puani, hakumuuliza mtu, akaikunja mara mbili na kuisukuma chini ya sumaku ya jokofu.

Fomu husomwa Jumapili alasiri, kwa sauti, mbele ya wote. Hilo nalo lina historia yake. Huko kwao zilisomwa milango imefungwa, basi Teresiah akaapa zake zitasomwa mlango wazi, na kweli aliufungua mlango wa jikoni, hewa yote ya AC ikatoka.

Alianza na ya Judy. Aliposoma haja kubwa, mtandao, Bi Asila alijifunika mdomo kwa ushungi na mabega yakaanza kumtetemeka. Tulidhani anakohoa, dada mmoja Mganda akamletea maji. Ikafuata yangu. Teresiah aliisoma yote bila kupumzika, kisha akaigeuza barua ya kliniki kwenye mwanga, akaangalia lile doa. Alisema chai hiyo imechagua mahali pazuri pa kuangukia. Nilimwambia ajali haina macho. Akaandika ishirini.

Halafu akaikunjua ya Bi Asila, akasoma swali la sita kwa sauti yake ile ile ya ofisi. *Ndogo, mara nne kwa usiku. Kubwa, mara moja, baada ya alfajiri. Alhamdulillahi.*

Judy alianguka kutoka kwenye kiti. Mimi nilicheka nikashikilia jokofu, jedwali likabanduka likaniangukia kichwani, na hilo likatuchekesha upya. Waganda waliomba watafsiriwe, wakatafsiriwa, wakacheka kwa zamu yao. Nilicheka kuliko wote, na nilikuwa na sababu zangu ambazo nitazifikia.

Bi Asila alingoja hadi tukaishiwa pumzi. Hakuonekana kuona haya wala kukasirika.

"Mmeniuliza, nami n'mejibu," alisema. "Kliniki ya sukari ndivyo wanavyotuuliza. N'lidhani nanyi mwataka kujua."

Hiyo sukari tuliisikia kwa mara ya kwanza siku ile. Miezi saba mtu anakunywa chai isiyotiwa sukari pamoja nasi, na tulichosema ni kwamba Wazanzibari wanaringa.

Teresiah hakuwa amecheka hata kidogo. Alivua miwani, akauliza taratibu kama mara nne ni kushuka ngazi ile mara nne. Bi Asila akasema ndiyo, na kupanda mara nne, lakini ukishajua pa kushika si tabu. Aliteleza mara moja tu, mwezi wa saba, na bega limepona. Akaulizwa kama ana kitu cha kliniki. Akafungua mkoba, akatoa kadi, safi, tarehe zote zinasomeka.

Teresiah akajumlisha. Mimi nilikuwa na miezi thelathini na minane, pamoja na mgongo hamsini na nane. Judy, ishirini na mbili. Bi Asila, saba na ishirini, ishirini na saba. Alirudia hesabu. Akairudia tena, na hesabu haikubadilika kwa sababu hesabu haina adabu. Kisha akatangaza kwamba kitanda ni cha Mama Tonny, na kuhamia ni kesho baada ya saa sita, kama ilivyo hotelini.

Bi Asila ndiye aliyekuwa wa kwanza kunipongeza. Alisema mgongo ni kitu kibaya, Mungu anipe wepesi. Wengine walikumbuka ghafla kwamba wana nguo za kuanua.

Asubuhi ya Jumatatu niliamka na hasira, hasira ya mtu aliyeshinda halafu hakuna anayemfurahia. Nilimkuta Teresiah jikoni akichemsha chai, sare ya hoteli imenyooka, uso umenuna. Nikamwambia kama alitaka kumpa Bi Asila, angempa. Yeye ndiye afisa, jokofu ni lake, muhuri ni wake, sasa kuninunia mimi tangu jana ni ya nini.

"Nikimpa kwa huruma, nimekuwa kamati," alisema. "Leo nampa mama mgonjwa, kesho nampa shemeji."

Nikamwambia basi asinune. Aliingia chumbani akarudi na lile kopo la biskuti, akatoa ule muhuri mkuukuu akauweka mezani kati ya vikombe viwili. Kisha akanieleza jambo ambalo katika miaka yote ya maneno yake mengi hakuwahi kuligusa.

Kulikuwa na mzee mmoja fundi viatu, pale mjini kwao. Alikuja ofisini kuomba nyumba, akajaza fomu kwa mwandiko mzuri wa shule za zamani. Penye *makao ya sasa* aliandika neno moja: hakuna. Sheria ilisema kila sehemu ijazwe anwani, na hakuna si anwani. Teresiah akapiga muhuri, HAIJAKAMILIKA, akamrudishia. Mzee akaja mara ya pili, na penye makao ya sasa akaandika tena, hakuna. Muhuri. Alipokuja mara ya tatu, Teresiah, akiwa na nia njema, alimshauri aandike tu mahali popote, jina la mtaa, nyumba ya jamaa, ili karatasi iende mbele. Mzee alikuwa akilala barazani mwa duka alilokuwa akishonea viatu, na baraza halina namba.

"Akaniambia, mama, sasa niandike uongo ndio nipewe nyumba ya kweli?" Teresiah alikuwa akiutazama muhuri. "Nikampigia mara ya tatu."

Mwezi wa nne, mvua zilipokuwa zimekaza, polisi mmoja alifika ofisini na karatasi iliyolowa. Waliitoa mfukoni mwa koti la mzee waliyemkuta barazani asubuhi. Hakuwa na kitambulisho wala barua, ila karatasi ile ilikuwa na muhuri wa halmashauri, basi wakaona waulize kama kuna anayemfahamu. Teresiah alisema anamfahamu. Wiki ile ile aliandika barua ya kuacha kazi kwa nakala tatu, na siku ya mwisho alipotoka, aliutia muhuri mkobani ili mtu mwingine asije akautumia. Alijua fika kwamba wangechongesha mwingine kwa dakika kumi.

Chai ilichemka ikamwagika jikoni na hakuna aliyeiondoa. Nilikaa pale nikiwaza utani wangu wa muhuri, nilivyousambaza hadi kwa walinzi wenzangu wa zamu ya mchana. Niliona aibu. Sina namna nyingine ya kulisema.

Halafu nikasema kitu ambacho sikuwa nimepanga kukisema. "Si mara nne. Ni mara tano. Mama wa watu amepunguza moja kwa heshima."

"Najua," alisema Teresiah. "Hata mimi huhesabu."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tatu."

Basi ndivyo tulivyokuwa. Kitanda changu kinatazamana na cha Bi Asila, na mimi ni mtu wa usingizi mwepesi. Miezi saba nilikuwa nikisikia ile ngazi ikilia, mguu ukitafuta chuma gizani, pumzi ikishikwa, na nilichofanya ni kuguna, kugeukia ukutani na kuvuta shuka kwa nguvu ili asikie nimeudhika. Ndiyo maana nilicheka kuliko wote. Swali la sita halikunipa habari yoyote mpya. Na Teresiah naye kule kwenye kona yake alikuwa akisikia yale yale, mtumishi wa haki, anangoja yaandikwe kwenye fomu. Nilimwambia hivyo, na sikuupunguza ukali. Akasema jedwali halina mahali pa kutia mambo yanayosikika tu, na sauti yake haikuwa ya ofisi tena. Hadi leo sijui kama lile neno haja lilimponyoka katika tafsiri, au kama karani wa miaka kumi na minne alitafuta swali ambalo mama wa Kizanzibari asingeweza kulijibu kwa jibu lingine. Nimemuuliza mara mbili. Anasema Kiswahili ni kigumu.

Nikamuuliza kama mtu anaweza kujiondoa.

Mngedhani ningesema tu nimejiondoa, tukanywa chai. Hamumjui Teresiah. Ipo fomu ya kujiondoa. Ilikuwapo miaka mitatu yote, nyuma ya jokofu, nakala tatu, zimeshikwa na vumbi na nywele, kwa kuwa tangu Humam atupe uhuru hajatokea kiumbe aliyeiomba. Alizipangusa kwa kitambaa cha vyombo, akanipa kalamu, akanitengea nafasi mezani kando ya ule muhuri mkuukuu.

Jina. Kitanda cha sasa. Kitanda nilichopewa. Tarehe, na hiyo nikaiandika vizuri, mbali na chai. Mwisho kulikuwa na kisanduku kimoja kikubwa: *Haja iliyokufanya uombe.* Niliushika mgongo wangu, ule wa hamsini na nane, ambao asubuhi ile ulikuwa mzima kabisa, ungeweza kubeba jokofu. Nikaandika neno moja. Hakuna. Nikaliandika mara tatu, katika nakala tatu, nikamsukumia.

Teresiah alilisoma neno lile kwa muda mrefu kuliko linavyohitaji neno la herufi sita. Aliisoma nakala ya kwanza, akaisoma ya pili, akaisoma ya tatu. Nikamwambia kama haijakamilika aseme, mimi naweza kuchelewa kazini, sir wangu atanisamehe. Mkono wake ulipita juu ya muhuri mkuukuu, ukaenda kuuchukua ule wa Karama. Akautia wino. Akapiga mara moja, akapiga mara ya pili, na alipopiga mara ya tatu vikombe viliruka.

"Imekamilika," alisema, kwa sauti ndogo, na hakuwa akizungumza na mimi.

Jioni niliporudi nilimkuta Bi Asila ameshahamia chini, leso imening'inizwa, udi unafuka. Alikuwa amemuuliza Teresiah amshukuru nani, akaambiwa ashukuru utaratibu. Alipofika jikoni alinipa pole ya mgongo, kwa mara ya pili, na ilinibidi niipokee. Nikaosha vyombo bila kuambiwa na mtu.